Kulazimisha, kushurutisha, kushinikiza: ni lipi hasa linalobeba maana ya "coercion"?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naanzisha uzi huu kwa sababu ya sentensi moja ambayo nimeitafsiri mara nyingi bila kuifikiria, na ambayo hivi karibuni imenitia aibu. Kazi yangu ni kutafsiri nyaraka, na mara kwa mara huitwa kuzisoma kwa sauti mbele ya watu wanaotakiwa kuzisaini. Mikataba mingi huwa na kifungu kinachosema kwamba mhusika ameridhia kwa hiari yake, bila kile ambacho Waingereza hukiita "coercion", nami miaka yote nimekuwa nikiandika "bila kulazimishwa" na kusonga mbele.

Siku hiyo mbele yangu alikaa mama mmoja wa makamo aliyekuwa anaacha kazi. Hati ilisema kwamba anaondoka kwa ridhaa yake na kwamba hatadai chochote baadaye. Nilipofika kwenye kifungu hicho nikamuuliza, kama utaratibu unavyotaka, "Mama, kuna mtu yeyote aliyekulazimisha kusaini?" Akanijibu bila kusita, "Hapana mwanangu, hakuna." Kalamu alikuwa ameshaishika. Kisha akaongeza, kwa sauti ya mtu anayekamilisha habari tu, "Waliniambia nisiposaini leo, ule mshahara wa miezi miwili ninaowadai sitauona."

Mama huyu hakudanganya. Kwa Kiswahili chake, na nadhani kwa Kiswahili cha wengi wetu, kulazimishwa ni kushikwa mkono, kusukumwa, kufungiwa mlango. Yeye hakuguswa na mtu. Alikaribishwa kiti, akaamkiwa kwa heshima, akapewa kalamu. Nilirudia swali kwa neno jingine: "Kuna sharti lolote uliwekewa?" Akacheka kidogo. "Sharti lilikuwepo. Si ndilo hilo nililokwambia?" Hati haikusainiwa siku ile.

Tangu hapo nimekuwa nikiyapima maneno haya moja moja. "Lazima" tumeipata kutoka Kiarabu, ambako mzizi wake unabeba wazo la kitu kilichoambatana na kingine kisibanduke, na ndiyo maana lazima haihitaji mtu wa kuisababisha: binadamu ni lazima alale, na jiwe likirushwa juu ni lazima lianguke. Sarufi yetu inaonyesha jambo hili vizuri kuliko kamusi. Mtu akisema "nimelazimika kuuza shamba", ile -ik- inatuambia kwamba hali ndiyo iliyomsukuma, wala hatuulizi ni nani. Akisema "nimelazimishwa kuuza shamba", papo hapo tunamtafuta mtendaji. Tatizo ni kwamba hata tukishampata, neno halituambii alitumia nini. Mzazi anayemlazimisha mtoto kunywa dawa, mwenyeji anayemlazimisha mgeni abaki mpaka jioni, na jambazi anayemlazimisha mpita njia avue saa, wote wamerundikwa ndani ya kitenzi kimoja.

"Shinikizo" nalo, kabla halijawa neno la siasa na la maradhi ya damu, lilikuwa jina la mtambo wa kukamulia mafuta, na picha hiyo bado imo ndani yake: uzito unaongezwa kidogo kidogo mpaka kitu kitoke. Kwa hiyo shinikizo linaweza kutoka kwa umati, kwa jamaa, kwa muda unaoyoyoma, hata kwa dhamiri ya mtu mwenyewe, na aliyeshinikizwa mara nyingi bado anaweza kukataa asidhurike. "Mabavu", yanayotokana na ubavu, ni ya mwili. "Kutenza nguvu", usemi wa wazee ninaoupenda ingawa siku hizi hausikiki sana, uko upande huohuo wa mwili.

Sasa, kinachoitwa "coercion" kwa kawaida si jambo la mwili, na hapa ndipo ilipo hoja yangu. Anayekuburura mpaka ndani ya gari hahitaji ukubali. Anauchukua mwili wako, na utashi wako anauacha barabarani. Anayekwambia "usipoingia ndani ya gari mwanao ataumia" anauhitaji utashi wako na anautumia. Miguu inayotembea ni yako, mkono unaofungua mlango ni wako. Robert Nozick, mwanafalsafa wa Marekani, aliuchambua muundo huu katika makala yake ya mwaka 1969, na msingi wake ni kwamba mmoja anamtishia mwenzake kwa baya litakalompata ikiwa atafanya jambo fulani, kwa nia ya kumzuia, na yule mwenzake analiacha kwa sababu ya tishio hilo na si kwa sababu nyingine. Akilipuuza tishio akaendelea na lake, ametishiwa, lakini hajashurutishwa.

Nimesema "hajashurutishwa" kwa makusudi. Ndani ya kitenzi hiki mna sharti, na sharti ndilo muundo wenyewe wa jambo tunalolizungumzia: usiposaini, hupati. Ile -sipo- ya Kiswahili, silabi mbili tu, ndiyo makao yake. Asili ya neno la Kiingereza ni kitenzi cha Kilatini, "coercere", ambacho maana yake ya kwanza ilikuwa kufungia ndani na kuzuia, kwa hiyo Kilatini kilianza na ukuta. Sisi tumeanza na maneno ya mtu anayempangia mwenzake matokeo, na naona tumekaribia ukweli zaidi. Pendekezo langu ni kwamba tuandike "kushurutisha" kwa tendo na "shurutisho" kwa nomino, na "kulazimisha" tuliachie matumizi yake mapana. Karibuni mnikosoe.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nimekusoma kwa makini na nina pingamizi ambalo si dogo. Sharti si neno baya. Mkopo una masharti, uanachama una masharti, hata swala ina sharti zake, na hakuna anayelalamika kwamba ameonewa. Hiyo -sipo- yako nayo imo katika kila kinywa. Mwenye nyumba husema usipolipa kodi utahama. Daktari husema usipofanyiwa upasuaji utakufa. Mwalimu husema usiposoma utafeli. Je, wote hawa wanashurutisha? Kama jibu ni ndiyo, neno lako ni pana kuliko lile ulilolikataa. Kama jibu ni hapana, basi kinachotofautisha hakimo ndani ya neno "sharti", na hoja yako ya asili ya neno imebaki pambo.

Mleta mada

Pingamizi limenifika, na kwa sehemu nalikubali: nomino "sharti" imebaki baridi. Kitenzi ndicho kilichopata moto. Husemi "benki imenishurutisha nirejeshe mkopo kwa miezi 12" ikiwa ulikwenda mwenyewe kuuomba; ukisema hivyo, msikilizaji atadhani kuna kisa kingine nyuma yake.

Kuhusu mifano yako, daktari anatoa onyo, kwa kuwa baya analolitaja halitoki mikononi mwake. Mwalimu ni vivyo hivyo, mpaka siku atakaposema kwamba atamfelisha aliyefaulu. Mwenye nyumba anataja mwisho wa makubaliano ambayo wewe uliyaingia. Kipimo ninachokitumia ni kuuliza mtu huyu angekuwa wapi, na angekuwa na nini kilicho haki yake, kama msemaji asingetokea na sharti lake. Rudi kwa mama yangu. Kama angeambiwa "ukisaini leo tutakuongezea mshahara wa miezi miwili", hiyo ingekuwa ofa, pengine ofa ya ujanja, lakini ofa. Alichoambiwa ni kwamba asiposaini atanyimwa mshahara wa miezi miwili ambao ameshaufanyia kazi. Fedha ni zilezile, kalamu ni ileile, na hesabu ukiipiga juu ya karatasi inakaribia kulingana. Tofauti ni kwamba katika kisa cha pili anauziwa kilicho chake.

Jambo jingine linalonifanya nishikilie kitenzi hiki ni mfano wa Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, katika maandishi yake ya maadili. Anawaweka pamoja watu wawili: nahodha anayetupa shehena baharini ili kuokoa chombo wakati wa dhoruba, na mtu anayeamriwa na dhalimu kufanya jambo la aibu kwa kuwa dhalimu huyo amewashika wazazi na watoto wake. Anaviita vitendo vyao vya mchanganyiko, hiari na kutokuwa na hiari kwa pamoja, ingawa anaona vinakaribia zaidi upande wa hiari. Kiswahili kinawatenganisha watu hao bila jasho. Nahodha alilazimika. Yule wa pili alishurutishwa. Dhoruba haina -sipo-.

Mchangiaji wa pili

Naandika kama mtu wa sheria, na nitajitahidi nisiwachoshe. Kisa cha mama huyo kingetambulika mara moja na mtu aliyesoma Sheria ya Mikataba ya India ya 1872, ambayo nchi kadhaa ziliiiga. Kifungu chake cha 15 kinasema kwamba kinachoharibu ridhaa ni kutenda, au kutishia kutenda, jambo linalokatazwa na sheria ya jinai, au kuzuia mali ya mtu isivyo halali, au kutishia kuizuia, kwa nia ya kumfanya mtu aingie katika makubaliano. Angalieni kwamba kuzuia mali kumetajwa kando na kosa la jinai. Waliotunga kifungu hicho walijua kwamba mkoba wa mtu unaweza kubanwa kama shingo yake. Kifungu kinachofuata, cha 16, kinashughulikia jambo jingine, yaani pale mtu mwenye nafasi ya juu, kama mlezi au daktari, anapoitumia nafasi hiyo kujipatia faida isiyo ya haki. Hapo si lazima pawe na tishio hata moja. Tukitumia "kulazimishwa" kwa vifungu vyote viwili tutakuwa tumefuta mstari ambao watunzi waliuchora kwa makusudi.

Matokeo nayo hayafanani kila mahali. Chini ya sheria hiyo, mkataba uliopatikana kwa shurutisho haufi wenyewe. Unabatilika, maana yake ni kwamba aliyeshurutishwa ndiye mwenye hiari ya kuuvunja au kuuacha usimame. Katika sheria ya kimataifa hali ni kali zaidi. Mkataba wa Vienna kuhusu Sheria ya Mikataba, wa 1969, unasema katika ibara ya 51 kwamba ridhaa iliyopatikana kwa kumshurutisha mwakilishi wa nchi haina nguvu yoyote ya kisheria, na ibara ya 52 inaufanya kuwa batili mkataba uliopatikana kwa tishio au matumizi ya nguvu kinyume cha sheria ya kimataifa. Mfano unaotajwa sana darasani ni wa Emil Hácha, rais wa Chekoslovakia, aliyeitwa Berlin usiku wa kuamkia 15 Machi 1939. Göring, mkuu wa jeshi la anga la Ujerumani ya Hitler, alimwambia kwamba Prague, mji mkuu wake, ingepigwa mabomu. Mzee yule alizimia, akadungwa sindano akazinduka, na kabla ya mapambazuko akaweka saini yake kwenye karatasi inayoikabidhi nchi. Wino ulikuwa wake, mkono ulikuwa wake. Hakuna aliyemshika kidole.

Kwa upande wa kazi, Mkataba Namba 29 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1930, unaifasili kazi ya shuruti kwa mambo mawili yanayokwenda pamoja: inatozwa kwa tishio la adhabu yoyote, na mtendaji hakujitolea kwa hiari. Neno "yoyote" ndilo lenye uzito. Adhabu si fimbo peke yake. Kupoteza haki au stahili nako kunahesabiwa. Nakubaliana na mleta mada kuhusu kitenzi, na naongeza kwamba "kazi ya shuruti" tayari imeshazoeleka, kwa hiyo hatubuni kitu kipya.

Mchangiaji wa tatu

Mchango wangu ni mdogo. Kiarabu kina neno "ikrahi", lililomo katika aya ya 256 ya Sura ya Al-Baqara, ile inayokataza kulazimishana katika dini, na mzizi wake ndio uliotupa "karaha". Hapo jicho liko kwa anayetendewa: anafanya jambo huku moyo wake ukilichukia. Naona ni upande ambao "kushurutisha" haliutaji. Mtu anaweza kuwekewa sharti la kufanya jambo ambalo, kwa bahati, alikuwa analitaka.

Niulize pia, kwa kuwa mimi ni mtu wa kompyuta: watengenezaji wa lugha za programu nao hutumia neno hilohilo la Kiingereza pale kompyuta inapogeuza aina ya data bila kuombwa. Katika JavaScript, maandishi "5" ukiyajumlisha na namba 1 unapata maandishi "51", lakini ukitoa 1 kutoka kwenye "5" unapata namba 4. Je, hilo nalo ni shurutisho?

Mleta mada

Hapana, mkuu. Namba haina utashi wa kupindishwa wala haiambiwi "usipo-". Kwa hilo ningeandika tu "kugeuza aina kwa lazima", na utaona kwamba hapo neno "lazima" limepata kazi inayolifaa. Kuhusu karaha umenipa jambo la kulalia na kuamkia nalo. Nadhani aliyekuwa analitaka jambo hilo tangu awali hakushurutishwa, kwa sababu si tishio lililomsogeza, lakini nakiri kwamba kumthibitishia hivyo hakimu si kazi nyepesi.

Mchangiaji wa nne

Nimesoma kimya tangu mwanzo, na nimeamua kuandika kwa sababu kipimo chenu kinaniacha nje. Niliishi miaka kadhaa na mwanamume ambaye hakuwahi kuniambia "usipofanya hivi". Hata mara moja. Nilipokuwa nikirudi nyumbani alikuwa akiitazama saa ya ukutani, kisha ananitazama mimi, kisha anaitazama saa tena. Basi. Alijua namba ya siri ya simu yangu, mimi sikuijua yake. Fedha nilikuwa namwomba na risiti nilikuwa namrudishia. Niliacha kuwatembelea ndugu zangu, na mtu akiniuliza ni nani aliyenikataza nilikuwa nasema, kwa ukweli kabisa, kwamba hakuna. Mleta mada anatafuta -sipo-. Kwangu haikutamkwa, na bado niliishi ndani yake.

Mchangiaji wa pili

Pole sana, dada. Sheria ilichelewa kuliona jambo hili, kwa sababu ilizoea kutafuta tukio moja lenye tarehe. Mmarekani Evan Stark, mtafiti wa ukatili wa majumbani, katika kitabu chake cha 2007, alisisitiza kwamba kinachopaswa kutazamwa ni mwenendo mzima na si kipigo kimoja kimoja. Uingereza na Wales zikalifanya kuwa kosa la jinai kupitia kifungu cha 76 cha Sheria ya Makosa Makubwa ya 2015, ambacho adhabu yake inafika kifungo cha miaka 5. Kifungu hicho kinataka tabia iwe ya kurudiarudia au ya kuendelea, na iwe na athari kubwa kwa mwathirika, kwa mfano kumtia hofu ya kupigwa, au kumtia wasiwasi mkubwa unaovuruga shughuli zake za kila siku. Hakitaji kwamba tishio liwe limetamkwa.

Mleta mada

Dada, nashukuru kwa kuandika, na narekebisha hoja yangu. Nilikuwa nikilitafuta sharti mdomoni mwa anayeshurutisha, kumbe mahali pa kulitafuta ni katika ufahamu wa anayeshurutishwa. Saa ya ukutani ilikuwa sentensi kamili, na ni wewe uliyekuwa umefunzwa kuimalizia. Sharti ambalo mtu amelijua kiasi cha kutohitaji kuambiwa bado ni sharti, na pengine ni lile lililokomaa zaidi, maana mwenye kuliweka hahitaji tena kufungua kinywa. Kwa hiyo neno linabaki palepale, ila namna ya kumuuliza mtu lazima ibadilike.

Mchangiaji wa kwanza

Nami nalegeza pingamizi langu, isipokuwa kwa jambo moja. Msije mkaandika kana kwamba kila shurutisho ni ovu. Faini ya barabarani ni -sipo- iliyo wazi kabisa, kodi ni -sipo-, na nchi isiyokuwa na uwezo huo haiwezi kumzuia mwenye nguvu asimmeze mnyonge. Tukilifanya neno hili liwe tusi, kila asiyependa kulipa atasema ameshurutishwa na ataishia hapo, kana kwamba ameshashinda kesi.

Mleta mada

Nakubali. Kuitwa shurutisho kunafungua tu swali la kama lilikuwa la haki, na aliyelitumia ndiye anayepaswa kulijibu.

Nimalizie kwa mrejesho. Juzi nimeiandika upya ile fomu ninayoisoma mbele ya watu. Mahali palipokuwa na "Je, umelazimishwa?" pamoja na visanduku viwili vya ndiyo na hapana, sasa pameandikwa: "Je, kuna mtu aliyekuambia, au aliyekufanya uelewe bila kukuambia, kwamba usiposaini utapatwa na jambo lolote au utanyimwa chochote? Ni jambo gani?" Visanduku nimeviondoa. Karani anayechapa amelalamika kwamba swali limekuwa refu na kwamba nafasi ya jibu inakula nusu ya ukurasa. Nimemwomba aiongeze ifike robo tatu.